Kapeti la abiria limelowa, kioo kinaingia ukungu kwa ndani: nilivyoikamata hita inayovuja (uzi mrefu)

#1 – Mleta uzi, Njombe

Wakuu, habari za kazi. Nilitaka kuleta mrejesho huu mapema, nikaona nisubiri kwanza nijiridhishe kwamba gari limepona. Leo ni wiki ya sita, maji kwenye kitangi cha akiba yako palepale kwenye alama. Naandika kirefu kwa ajili ya yeyote anayehamia huku kwenye baridi na gari alilolizoea pwani, maana mimi nililipa mara mbili kutibu ugonjwa ambao gari halikuwa nao.

Gari ni dogo la Kijapani, la 2005, injini ya 1500, mtumba kama ya wengi wetu. Miaka minne limekaa Dar es Salaam, na kule kitufe cha hita sikuwahi kukigusa. Mwezi wa tano nikahamia Njombe. Wanaoijua Njombe wanajua Juni yake: mji uko juu kama mita 2,000 hivi, asubuhi mtu anaongea moshi unamtoka mdomoni. Siku ya kwanza ya safari ya kwenda Makambako, saa kumi na moja alfajiri, nikasogeza kitufe kwenye rangi nyekundu. Joto likaja, nikafurahi. Dakika chache tu, kioo cha mbele kikaingia ukungu kwa ndani. Nikafuta na kitambaa. Ukungu ukarudi, na kitambaa kikaacha michirizi kama ya mafuta, kioo kikawa kibaya kuliko nilivyokikuta. Malori yanakuja na taa kali usoni na mimi mbele sioni. Nilisimama pembeni, nikazima hita, nikakaa na vioo wazi nikitetemeka hadi kulipopambazuka. Tangu siku hiyo hita kwangu si jambo la starehe.

Wiki hiyohiyo mke wangu akasema miguu yake inalowa. Nikapapasa kapeti upande wa abiria: maji. Na rejeta ilikuwa inaomba maji kila baada ya siku nne au tano, kama robo lita, wakati chini ya injini ni pakavu kabisa.

Fundi wa kwanza alikuwa fundi AC. Akalala chini ya gari, akaona tone linatoka kwenye kile kimpira cha kutolea maji ya AC, akasema kimeziba nusu. Akakizibua kwa upepo, akaongeza gesi, shilingi 85,000. Sasa jamani, tangu niingie Njombe sijawasha AC hata siku moja! Hakuniuliza, na mimi sikufikiria kumwambia. Fundi wa pili akasema raba za mlango na za kioo zimechoka, mvua inaingia. Akapaka silikoni kuzunguka kioo, 40,000. Mvua Njombe ilikuwa imekata zaidi ya wiki tatu. Kapeti likaendelea kulowa.

Ndipo nikakaa chini nikaanza kufikiri mwenyewe. Maji yanayolowesha kapeti la mbele yana vyanzo vitatu tu vya kawaida: mvua, AC, na hita. Ukijua unashika maji gani, nusu ya kazi imekwisha. Maji ya mvua yanakuja baada ya mvua au baada ya kuosha gari. Maji ya AC ni mepesi, hayana rangi wala harufu, na yanakuja siku za joto AC ikiwa imewashwa. Maji ya hita yanatoka kwenye injini: yakiwa na kulanti (dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya kupoza injini) yanateleza vidoleni, yana harufu tamutamu kama sharubati iliyoungua, na hayakauki. Unaweza kuacha gari juani siku nzima, maji ya kawaida yakaisha na kapeti likabaki linanata.

Nilichukua tishu nyeupe nikaikandamiza kwenye kapeti. Kama una kulanti ya kweli, tishu itapata rangi ya kulanti yako, iwe nyekundu, waridi au kijani. Yangu ilipata rangi ya chai. Hapa ndipo wengi wetu tunapotea: ukisoma maelekezo ya wenzetu unaambiwa tafuta kijani au waridi, halafu gari lako limejazwa maji ya bomba miaka yote, kwa hiyo unachokiona ni kutu, unadhani ni uchafu wa viatu. Ikiwa tishu ina rangi ya chai na rejeta yako imejaa maji ya kutu, ni maji yaleyale. Na naomba sana, usionje ili kuhakikisha. Kulanti ya kawaida ni sumu inayoharibu figo, na kwa kuwa ni tamu watoto na mbwa huilamba. Iliyomwagika uani ioshe siku hiyohiyo.

Kwa wasiojua, hita ya gari haina moto wake. Ni rejeta ndogo, kama ukubwa wa kitabu kinene, imefichwa nyuma ya dashibodi. Maji moto ya injini yanaingia kwa mpira mmoja na kutoka kwa mwingine, kupitia ukuta wa chuma ulio kati ya injini na abiria. Bloa, yaani feni ya ndani, inapuliza hewa katikati yake. Ikitoboka, matone yanadondokea ndani ya sanduku lilelile la AC na kutokea kimpira kilekile cha chini. Ndiyo maana yule fundi wa kwanza alidanganyika, na simlaumu sana kwa tone lile. Namlaumu kwa kutolinusa.

Kingine kilichonifungua macho: kwenye magari mengi, langu likiwamo, hakuna koki ya kuzuia maji yasiingie kwenye hita. Ukiweka kitufe kwenye baridi, kinachofungwa ni kilango cha hewa tu. Maji moto yanaendelea kuzunguka humo usiku na mchana. Kwa hiyo hita yangu ilifanya kazi miaka minne Dar bila mimi kujua. Ilianza kuoza hukohuko. Njombe nilichofanya ni kufungua kilango, hewa ikapita juu ya rejeta iliyolowa na kunibandikia ule mvuke kiooni.

Sasa upimaji. Kabla ya kugusa dashibodi nilifungua boneti nikakagua mipira yote miwili ya hita na klipu zake, maana ikivuja pale ukutani maji yanaweza kuingia ndani kwa kupitia tundu la mpira. Pakavu. Kisha nikaazima pampu ya mkono yenye geji, ile inayofungwa mahali pa mfuniko wa rejeta. Injini ikiwa imepoa kabisa (mfuniko wa moto haufunguliwi, wakuu, watu wameungua nyuso) nikapampu hadi bar 0.9, yaani kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko wangu, karibu psi 13. Usizidishe kiwango hicho, utatoboa kilichokuwa kizima. Dakika kumi geji ikashuka hadi 0.6. Nje hakuna tone.

Hapo nikachomoa mipira miwili ya hita na kuiunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba la shaba na klipu mbili, hita ikawa nje ya mzunguko. Kwa gari langu mipira ina kipenyo cha milimita 16, pima yako. Nikajaza maji, nikapampu tena 0.9. Nusu saa geji haikutikisika. Nikaendesha siku nne hivyohivyo, maji hayakupungua. Kesi ikaisha, kwa gharama ya kipande cha bomba na klipu.

Kuitoa hita ndiyo kazi yenyewe. Kuna magari yanayokuruhusu kuitoa kwa ubavuni, unafungua plastiki za miguuni tu. Langu lilitaka dashibodi yote itoke, na sanduku la hita litoke pamoja na la AC. Tulichukua siku mbili na kijana mmoja fundi mwenye subira, na subira yake ilinisaidia kuliko spana zake. Tulianza kwa kuchomoa waya wa negativu wa betri na kusubiri, kwa sababu ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofutuka ajali ikitokea. Toyota wenyewe huelekeza kusubiri angalau sekunde 90, sisi tulikunywa chai kabisa. Plagi za njano ni za eabegi, usizipime kwa taa wala mita. Kila plagi tuliipiga picha, skrubu tukazipanga kwenye trei ya mayai kwa mfuatano wa kutoka. Gesi ya AC tulimlipa mwenye mashine aivute. Kuifungulia iende hewani ni kosa, R134a inapasha joto dunia zaidi ya mara elfu moja kuliko hewa ya ukaa uzito kwa uzito, na pia ikikurukia mkononi inagandisha ngozi.

Hita ilipotoka, ilikuwa na unga mweupe kwenye ungio la alumini na tangi la pembeni, na ndani imejaa tope la kahawia. Niligonga, likatoka kama kijiko. Miaka minne nilikuwa namimina maji ya kisima cha mtaa, na visima vingi vya Dar vina chumvi, tunavioga tunajua. Chumvi hiyo niliilisha alumini nyembamba kama karatasi ya sigara. Hapo sina wa kumlaumu.

Nilinunua mpya kwa 140,000, ya mtumba ilikuwa 45,000. Kazi ya kufungua ni ileile, na sikutaka kuirudia baada ya miezi mitatu. Hamisha sponji zinazozunguka hita ya zamani au weka mpya, bila hizo hewa inapita pembeni na joto halitoshi. Oringi (pete za mpira za kuziba maungio) zote mpya.

Karibuni kwa maswali, na wenye ujuzi nirekebisheni.

#2 – Mdau wa Mbeya

Mkuu umeeleza vizuri. Mimi ni fundi rejeta hapa Mbeya, niongeze machache kutoka mezani kwangu.

Watu wanaleta hita wakiomba ichomewe kwa risasi ya kuungia. Zile za zamani za shaba zinakubali, nazichoma na zinakaa miaka. Hizi za alumini zenye tangi la plastiki lililobanwa kwa meno hazikubali risasi. Gundi ya chuma ninaweza kukuwekea, lakini nitakwambia mapema ni ya kukufikisha nyumbani. Maji yanapanda nyuzi 90 na kushuka kila siku, chuma kinatanuka na kusinyaa, gundi inabanduka.

Hata iliyo mpya ipime kabla ya kuifunga. Ziba mdomo mmoja, mwingine unganisha pampu ya baiskeli yenye geji, izamishe kwenye ndoo na kuipa presha ndogo, psi 15 hivi. Mapovu yakitoka, rudisha dukani. Ni dakika tano zinazookoa siku mbili. Nimeona mpya ikivuja ikiwa bado ina stika.

Na zile dawa za kuziba tundu, pamoja na mayai na pilipili manga wanavyomiminiwa watu kwenye rejeta barabarani: mirija ya hita ni myembamba kuliko ya rejeta kubwa, kwa hiyo dawa inaanza kuziba humo. Tundu linaweza kuzibika, na joto linaondoka nalo. Baadaye naletewa rejeta kubwa nayo imeziba, injini imechemsha, silinda hedi (kichwa cha injini) imepinda. Kama uko porini na huna njia nyingine, fanya, lakini ukifika osha mfumo wote.

#3 – Mdau wa Dar

Mimi nipo Kigamboni, hita siihitaji maisha yangu yote. Dalili zangu ni hizohizo. Kwa nini nisiunganishe mipira kama ulivyofanya wewe nikaacha hivyo?

#4 – Mleta uzi, Njombe

Unaweza, na kwa Dar ningefanya hivyohivyo. Ila iunganishe, usiizibe kwa vizibo viwili. Injini nyingi zinategemea maji yanayozunguka kupitia njia ya hita ili themostati (kilango cha maji kinachofunguka chenyewe kwa joto) ipate joto sahihi na ifunguke kwa wakati. Ukiziba, themostati inachelewa kujua injini imechemka. Tumia bomba la chuma au la shaba katikati, si plastiki ya kuunganishia maji ya bustani, na uhakikishe mipira haigusi egzosi.

Unachopoteza: siku injini ikichemka foleni ya Mbagala, kufungulia hita yote na bloa juu kunapunguza joto kidogo hadi upate pa kusimama. Msaada huo hutakuwa nao. Na unapouza gari, mwambie mnunuzi, huenda anakwenda Makete kwenye baridi.

Pia ondoa kapeti ukaushe. Kulanti iliyobaki chini ya kapeti inaendelea kutoa mvuke hata hita ikiwa nje ya mzunguko, na bati la chini linapata kutu.

#5 – Mdau wa Nyahururu

Shukrani kwa uzi huu. Huku kwetu Nyahururu baridi tunaijua. Gari yangu ilikuwa na dalili zote ulizotaja: harufu, kioo, kapeti ya abiria. Fundi wa kwanza akaniambia moja kwa moja dashibodi itoke, elfu ishirini za Kenya. Nikamwomba mzee mmoja jirani, fundi wa miaka mingi, aangalie. Alichukua tochi na kioo kidogo cha kunyolea, akaingiza mkono pale miguuni. Ilikuwa ni oringi, pale mabomba mawili yanapoingia kwa hita. Kibano kimoja na skrubu moja. Oringi mbili, shilingi mia tatu, na kazi ya saa moja.

Kwa hivyo naomba watu wasikimbilie kutoa dashibodi. Ile pima ya kuunganisha mipira inakuambia shida iko ndani, lakini haikuambii ni hita yenyewe au ni ungio lake. Fungua plastiki za miguuni kwanza, funga kitambaa kikavu kwa kila ungio, tia presha, halafu uangalie ni kitambaa kipi kimelowa.

#6 – Mleta uzi, Njombe

Mdau wa Nyahururu, hilo nililiruka na ni la muhimu kuliko nusu ya niliyoandika. Ahsante sana. Kwangu ungio lilikuwa kavu, lakini nililiona baada ya dashibodi kutoka, si kabla. Ningetakiwa kuanza hapo.

#7 – Mdau wa Kanada

Nawasalimu kutoka huku kwenye theluji. Kwetu hita ikifa Januari si suala la kero, ni suala la uhai, kwa hiyo niseme kuhusu kulanti.

Changanya nusu kwa nusu, kulanti na maji yaliyochujwa chumvi, yale ya betri yasiyo na asidi. Mchanganyiko huo unaganda karibu na nyuzi 37 chini ya sifuri, na unachelewa kuchemka kuliko maji matupu. Huko Njombe hamtafika baridi hiyo, lakini mnaihitaji kulanti kwa sababu mbili nyingine. Ya kwanza ni viuakutu vilivyomo, ndivyo vinavyolinda alumini. Ya pili ni mwinuko: kwenye mita 2,000 maji matupu yaliyo wazi yanachemka karibu nyuzi 93. Mfuniko mzima wa 0.9 unayapandisha hadi kama 115. Mfuniko ukichoka, injini yako inachemsha mapema kuliko ya mtu wa Tanga, pwani.

Msimimine kulanti tupu mkidhani ndiyo bora zaidi. Ikiwa tupu inaganda mapema kuliko mchanganyiko, na inabeba joto vibaya. Na msichanganye aina mbili za rangi bila kusoma chupa. Rangi si kanuni, ila mchanganyiko usiopatana unaweza kutengeneza ute, na ute unaishia kwenye hita.

#8 – Mdau wa Mbeya

Nakubaliana na wa Kanada. Kuna jambo jingine. Mteja akinirudia na hita ya pili imetoboka ndani ya mwaka, siuzi ya tatu. Natafuta sababu mbili.

Moja, gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na mwili wake. Moshi wa injini ukipenya kwenye maji, presha inapanda kupita kawaida na kutafuta palipo dhaifu, na hita ndiyo dhaifu. Ukiwasha injini ya baridi mfuniko ukiwa wazi, ukaona mapovu yasiyokoma, au mipira inakuwa migumu kama mti dakika moja baada ya kuwasha, anzia huko.

Mbili, umeme. Waya wa ethi wa injini, unaoiunganisha na negativu ya betri, ukilegea, umeme unapita kwenye maji na kula alumini. Weka mita kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye negativu ya betri, mwekundu uchovye kwenye maji ya rejeta bila kugusa chuma. Washa injini, taa na bloa. Ikizidi volti 0.3, safisha na kukaza ethi zote kabla ya kufunga hita nyingine.

#9 – Mdau wa Dar

Nimerudi. Nimebadilisha mawazo, nimefunga mpya kabisa, sitaki kumuuzia mtu gari bovu. Sasa hita inatoa hewa ya baridi na nasikia maji yanabubujika nyuma ya dashibodi. Imeziba?

#10 – Mleta uzi, Njombe

Hapana mkuu, hiyo ni hewa iliyonaswa. Hita iko juu kuliko sehemu nyingi za mfumo, hewa inapenda kukaa pale. Mimi nilifanya hivi: tafuta mteremko, gari lielekee juu ili mdomo wa rejeta uwe mahali pa juu kabisa. Injini ikiwa imepoa, fungua mfuniko, weka hita kwenye joto la mwisho, bloa chini. Jaza polepole hadi ijae, washa injini iungurume bila kukanyaga mafuta. Minya mpira wa juu wa rejeta na ile ya hita kwa mkono uliovaa glavu, utaona mapovu yanatoka. Maji yakishuka, ongeza. Themostati ikifunguka maji yatashuka ghafla, ongeza tena, ndipo ufunge mfuniko. Acha gari lipoe lote, angalia kitangi cha akiba, jaza hadi alama. Mimi nilirudia mara tatu kwa siku mbili, bubujiko likaisha.

Kisha futa kioo kwa ndani kwa spiriti na karatasi safi, mara mbili, maana ule utando hautoki kwa maji. Na kapeti usilirudishe mpaka sponji ya chini yake ikauke kabisa. Yangu niliiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikaianika juu ya paa la banda la kuku siku nne.

#11 – Mdau wa Dar

Imetoa joto! Nimezima haraka, hapa Kigamboni nyuzi 31. Sponji iko juani.